Msimu wa Besiboli na Mama Mkwe Nyuma ya Kochi

Msimu wote ule wa besiboli, mama mkwe wangu aliuangalia kupitia juu ya kisogo changu. Mimi nilikuwa kwenye kochi, yeye kwenye kiti cha mbao nyuma yangu, karibu na mlango wa jikoni, na kuanzia Aprili mpaka asubuhi ya mwisho ya msimu wetu, mwezi wa Oktoba, sikugeuka kumtazama hata mara moja. Ungetuona dirishani ungesema huyo kijana ni mjeuri. Kumbe hiyo ndiyo ilikuwa adabu yenyewe.

Kwetu Bungoma, mtu na mama wa mke wake hawapeani mikono, hawali meza moja, na mama halali kabisa chini ya paa la mkwe wake. Wazee waliopanga mambo hayo walikuwa na akili zao, ila hawakuwahi kukodi nyumba Toongabbie, huku Sydney. Alipokuja kutusaidia na mtoto mchanga, ile Februari kabla dunia haijafungwa, tulitafuta nyumba yenye kijumba uani, chenye mlango wake, choo chake na paa lake. Mjomba wa mke wangu alipiga simu mara mbili kuuliza kama hayo mapaa mawili yamegusana. Nilitoka na futi nikapima. Hayakugusana. Kulikuwa na nafasi ya mkono mmoja na nusu, na kwa nafasi hiyo heshima ya ukoo mzima ikapona.

Alikuja kwa miezi mitatu. Alikaa mwaka mmoja na miezi minane. Mwaka wa kwanza siwezi kumlaumu mtu, anga zilifungwa kila upande. Lakini ile miezi ya mwisho, ile iliyomuuma kweli, niliisababisha mimi, kwa sentensi moja, nikiwa nakula ndengu.

Alikuwa na dada mkubwa kule nyumbani. Mama yao alipofariki, huyo dada ndiye aliyemlea. Alimpeleka shule, alimfundisha kupika, hata mume alimchagulia, na huyo mume, kwa maelezo ya mama mkwe mwenyewe, alikuwa chaguo la wastani. Mwaka ule wa pili, baada ya Pasaka, miguu ya dada ilianza kuvimba. Kisha akaacha kula ugali. Kisha akaacha kugombana na majirani, na hapo ndipo mama mkwe alipoogopa. Alitaka jambo moja tu: afike kabla dada hajaondoka.

Mwezi wa tano mke wangu akampatia ndege ya Juni. Habari hiyo niliipata kwa njia ya kawaida ya nyumba yetu, yaani kupitia mtoto. Mama mkwe hakuwa akiniambia kitu moja kwa moja. Alimwambia binti yangu, aliyekuwa hajafikisha hata mwaka na nusu, na binti yangu hakupeleka ujumbe wowote kwa sababu alikuwa na kijiko mdomoni, lakini sisi sote tulijifanya ameupeleka.

"Mwambie baba yako bibi amepata ndege," sauti ikasema kutoka jikoni. "Mwezi ujao naenda kumwona dada."

Sasa niseme ukweli wangu. Moyo uliruka kwa furaha. Nilikuwa nimevaa suruali ndefu ndani ya nyumba yangu kwa miezi kumi na mitano. Mimi ni mtu wa kaptura na kochi. Nilimaliza kidato cha nne nikiwa na alama za kutosha kunifikisha kwenye kochi na si mbali zaidi, na nilikuwa nimekipenda sana kituo hicho. Nikaiona kaptura yangu ya bluu inanipungia mkono kutoka kabatini.

Lakini mdomo una malezi yake. Mgeni akisema anaondoka, unamvuta shati kidogo. Anakataa. Unamvuta tena. Anakataa tena, unamsindikiza hadi barabarani, na kila mtu anarudi kwake na amani. Kwa hiyo mdomo wangu ukasema, "Mama, mbona haraka hivyo? Si ukae hata mwezi mmoja mbele. Mtoto amekuzoea."

Nikangoja anikatalie.

Nikasikia mwiko ukiwekwa chini. Hata mtoto akaacha kutafuna.

"Sawa," akasema. "Kama mwenye nyumba amesema."

Sikujua, au nilijua nikasahau, kwamba katika muda wote ule sikuwahi kumwomba mama mkwe jambo lolote, na ombi la kwanza la mkwe halikataliwi. Ndege ikasogezwa hadi mwisho wa Julai. Mwisho wa Juni Sydney ikafungwa. Katikati ya Julai ndege zikapunguzwa, na yake ikawa miongoni mwa zilizofutwa. Barua pepe ya kutuarifu ilikuwa fupi na ilitutakia siku njema.

"Umemfunga mamangu," mke wangu akaniambia huku anavua viatu vya kazi. Yeye ni muuguzi katika nyumba ya wazee, na siku hizo alirudi na alama ya barakoa imemchora uso kama ramani. "Hata serikali haijamfunga. Ni wewe."

"Nilikuwa naongea tu."

"Wewe tatizo lako ni hilo. Siku ukiamua kuongea, unaongea."

*

Besiboli iliingia nyumbani kwa bahati mbaya. Nilikuwa nalipia chaneli ya michezo kwa ajili ya kandanda la Uingereza, kandanda lenyewe likawa usiku wa manane nikiwa nimelala, na kila asubuhi wakawa wanaonyesha wanaume wa Marekani wamesimama uwanjani wanatafuna kitu. Zamu yangu ghalani ilianza saa nane mchana, kule njia ya Penrith, kupanga makopo ya nyanya juu ya mbao. Mke wangu alitoka alfajiri. Basi asubuhi tulikuwa watatu: mimi, mtoto na mama mkwe.

Na kwa mama mkwe asubuhi ndiyo ilikuwa ngumu. Asubuhi ya Toongabbie ni usiku wa Bungoma. Hakuna wa kumpigia. Ilibidi angoje mpaka saa kumi jioni ndipo dada yake aamke, apanguswe uso, awekewe simu karibu na mto. Kuanzia chai ya asubuhi mpaka saa kumi ni masaa mengi ukiwa huna kitu ila wasiwasi. Alikwisha kuosha kila sufuria niliyonayo, na nadhani mbili tatu za jirani.

Siku moja ya Aprili alivuta kile kiti cha mbao, akakiweka karibu na mlango wa jikoni ili isemekane yuko jikoni, akaketi.

Baada ya dakika kumi: "Muulize baba yako, kwa nini yule mtu anatema mate? Na corona hii."

"Ni tabia yao, Mama," nikajibu, macho mbele.

"Hana mama?"

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Nilimweleza mchezo kwa uhakika wa mtu aliyesoma sheria zake juzi kwenye simu. Huyu anarusha. Huyu ana gongo, anapiga. Akipiga vizuri anakimbia kituo cha kwanza, cha pili, cha tatu, halafu arudi pale alipoanzia, ndipo wanapata pointi. Kila timu ina zamu tisa za kupiga. Wakitolewa watatu, zamu imekwisha.

"Anazunguka kote huko arudi pale pale?"

"Ndiyo, Mama."

"Angekaa tu."

Mimi ni mtu wa kukaa tu, na hata mimi niliona hoja hiyo ina uzito.

Kitu kilichomsumbua zaidi ni wale wanaobaki vituoni. Mtu amepiga vizuri, amekimbia, amefika kituo cha tatu, amebakiza hatua chache tu, halafu mwenzake anatolewa na zamu inafungwa. Anarudi kuvaa glovu yake kana kwamba hakuwahi kukimbia.

"Na huyo aliyekuwa pale?" akauliza mara ya kwanza.

"Hahesabiwi, Mama. Zamu imekwisha."

"Alikuwa amekaribia."

"Alikuwa amekaribia sana."

"Mwambie baba yako huo mchezo una roho mbaya," akamwambia mtoto. Lakini kesho yake alikuwa kitini kabla sijawasha televisheni.

Timu yetu aliichagua yeye. Timu za ligi ile ni za Marekani zote isipokuwa moja, ambayo kwao ni Kanada. Nilimweleza, kama mzaha, kwamba mpaka umefungwa kwa ajili ya corona, kwa hiyo timu hiyo haijacheza kwao tangu mwaka juzi. Mechi za nyumbani inazicheza Florida kwenye uwanja wa kuazima, na baadaye ikahamia mji mmoja wa mpakani, ambako ukisimama pazuri unaiona nchi yako ng'ambo ya maji.

Kiti kikalia kidogo nyuma yangu.

"Hao wana makosa gani?"

"Hawana makosa, Mama. Ni mpaka tu."

"Basi hao ndio wangu," akamwambia mtoto. "Sisi na wewe ni wa hao."

*

Ghalani nilikuwa na mwenzangu mmoja, Mkongo wa Bukavu, mtu wa maneno mengi na nguvu za migongo miwili. Nilimsimulia, na nilijuta kumsimulia.

"Grand, belle-mère yako anasema nini leo?" akawa ananiuliza kila siku tukivaa koti za ghalani. Grand ni kaka, belle-mère ni mama mkwe, kwa Kifaransa cha kwao. "Timu ilishinda?"

"Tulipigwa."

"Alikuchapa?"

"Yuko nyuma yangu, simwoni."

"Ule anakaa nyuma yako, anakuangalia shingo, miezi yote ile, na wewe ndiye ulimuzuia asiende." Akatikisa kichwa, anabeba maboksi mawili ambapo mimi nabeba moja. "Miye ningeogopa kusinzia."

Alikuwa anatania, lakini niliogopa kweli, ingawa si kuchapwa. Niliogopa kwa sababu hakunilaumu. Angalau angesonya. Mke wangu alinilaumu vizuri, mchana na jioni, nikajua pa kusimama. Mama mkwe alinipakulia nyama kubwa zaidi na kumtuma mtoto aniambie nisisahau barakoa.

Mwisho wa Julai, wiki ileile ambayo ndege yake ingeondoka, timu yetu iliruhusiwa kurudi kwao. Ilikuwa Jumamosi asubuhi hapa. Hatukuwa na pa kwenda, kwa hiyo mke wangu pia alikuwepo, amelala sakafuni na mtoto juu ya tumbo lake. Uwanjani waliruhusu watu wachache tu, lakini hao wachache walisimama wakapiga makofi kwa muda mrefu kabla mpira haujarushwa. Wachezaji walitoka na kofia mikononi. Kamera ikamsogelea mmoja wao, mwanamume mzima, mabega kama mlango wa ghala, anafuta macho kwa mkono wa jezi.

Nikangoja neno kutoka nyuma, kuhusu mate, kuhusu chochote.

"Hao wamefika," mama mkwe akasema.

Akainuka akaenda jikoni. Tukasikia maji. Alisugua sufuria moja muda wa mchezo wote. Mke wangu alinitazama kutoka sakafuni.

*

Agosti sitaisimulia sana, na waliokaa magharibi mwa Sydney hawahitaji kusimuliwa. Mwisho kilomita tano kutoka mlangoni. Saa moja tu ya mazoezi kwa siku. Barua ya mwajiri mfukoni ndipo niende kupanga nyanya. Helikopta juu ya mapaa, na sauti kutoka angani ikituuliza tunafanya nini nje. Binamu zetu wa Bankstown tuliwaona kwenye simu tu, kila mmoja amenenepa kwa upande wake.

Nilidhani nitafurahi. Tangu utoto nimeshikilia kwamba nje kunasifiwa kupita kiasi, na sasa serikali ilikuwa inakubaliana nami, kwa amri na faini. Wiki tatu tu nikawa nimechoka hadi kwenye mifupa. Kochi lilikuwa limechukua umbo langu, nami nimechukua umbo lake. Nilivaa suruali ndefu na kutazama wanaume wanarusha mpira katika nchi iliyofunguliwa, na masikio yangu yalikuwa nyuma, kwenye kiti.

Jioni simu ya Bungoma ilikuwa fupi kila siku kuliko ya jana. Mimi nilikuwa kazini. Mke wangu ndiye alinisimulia. Dada wa mama mkwe hakuongea mambo mengi tena. Aliuliza, "Unakuja?" Mama mkwe alijibu, "Nakuja." Siku nyingine ilikuwa hayo tu, halafu mtu anaichukua simu anasema amechoka, ngojeni kesho.

Asubuhi yake, kitini: "Huyo mrushaji amechoka. Tazama bega lake la kulia, halipandi." Na kweli, baada ya mipira mitatu kocha alitoka akamwondoa. Mama mkwe alikuwa amefika pabaya pa kujua uchovu kwa macho.

Septemba timu yetu ikaanza kushinda. Walishinda hovyo hovyo, walishinda mechi ambazo ungesema zimeshaoza. Mama mkwe akamtuma mtoto aniambie niandike msimamo kwenye karatasi, nikaandika kwa mwandiko wangu wa kidato cha nne na kuubandika kwenye friji: nani yuko mbele yetu, amebakiza ngapi. Kila asubuhi alisimama mbele ya karatasi hiyo na kikombe cha chai. Sikumwona, lakini sakafu ya pale inalia ukiikanyaga, kwa hiyo nilijua anasimama kwa muda gani.

*

Ikabaki mechi moja. Ilikuwa Jumatatu ya sikukuu, alfajiri saa kumi na mbili, saa zikiwa zimesogezwa mbele jana yake, kama wafanyavyo huku kiangazi kikikaribia. Jumapili jioni mke wangu alikuwa anakunja sare zake kitandani. Akaniambia wakala mmoja wa Bankstown amepata kiti cha kwenda Nairobi wiki mbili zijazo. Amekishikilia mpaka kesho saa sita mchana. Baada ya hapo anampa mtu mwingine.

"Alhamdulillah," nikasema, mimi Mkristo wa ubatizo. "Mchukulieni."

"Hajakubali."

"Nani hajakubali?"

"Mama. Anasema mwenye nyumba hajasema."

Nikaketi juu ya sare. Akazivuta.

"Mimi? Mimi nina neno gani?"

"Wewe ndiye ulimwambia akae. Hakuna aliyemwambia kinyume. Ataondokaje?"

"Ile ilikuwa adabu tu! Nilikuwa nasema kwa adabu."

"Basi naye anakaa kwa adabu." Akaiweka sare ya mwisho juu ya nyingine na kuilaza kwa kiganja, polepole, kama mtu anayefunga macho ya mgonjwa. "Jana hawakumpa Mama Mkubwa simu. Walisema amelala. Nilimwona nyuma yao, alikuwa macho. Hawezi tu kuongea. Kesho saa sita."

Mimi nililala kama gogo, sitadanganya. Usingizi haujawahi kunikataa. Lakini niliamka mapema.

Mke wangu alikwisha kwenda kazini. Mama mkwe alikuwa kitini, mtoto sakafuni na sufuria yake. Ili tuingie mtoano, kanuni ilikuwa hivi: timu yetu ishinde, na kati ya wapinzani wawili waliokuwa mbele yetu, mmoja wao apoteze. Mmoja tu. Sikuona hilo kuwa ombi kubwa.

Timu yetu ilishinda kwa kishindo. Mapema sana ilijulikana, wakawa wanacheza kumaliza tu. Halafu wakakaa kwenye benchi lao, wakitazama skrini kubwa, na sisi tukawatazama wao wakitazama. Mechi zile nyingine mbili zilikuwa bado. Zilikwenda sare, zilikwenda vibaya, zilikwenda vizuri, na mwishoni kabisa, ndani ya dakika chache, wapinzani wote wawili wakashinda.

Kwa hiyo msimu wetu ulikwisha hivyo. Mechi mia na zaidi, viwanja vitatu vya nyumbani, na tumekosa kwa mchezo mmoja. Wachezaji waliinuka mmoja mmoja wakaingia ndani. Mmoja alibaki ameegemea uzio.

"Mchezo mmoja tu," mama mkwe akamwambia mtoto. "Wangeshinda mmoja tu kule mwanzoni. Mwezi wa tano, hata."

Sijui kama alikusudia. Mpaka leo sijui. Lakini saa ukutani ilikuwa saa tatu na kitu, nami nikahisi nimeegemea uzio.

"Mama," nikasema.

"Mwambie baba yako namsikia."

"Hapana, Mama. Nakuambia wewe."

Nikageuka. Shingo haikujua la kufanya, ilikuwa kama kufungua mlango uliopakwa rangi ukiwa umefungwa. Mama mkwe alikuwa mdogo kuliko sauti yake. Na alikuwa amevaa miwani. Mwaka mmoja na miezi minane, na sikujua mama mkwe wangu anavaa miwani.

Aliinamisha macho haraka, nami nikainamisha yangu, kwa hiyo maneno yaliyofuata tuliyazungumza na sakafu.

"Nenda, Mama."

Neno hilo lilitoka baya kama nilivyohofia. Kwa mtu wa kwetu, hilo ni neno la kumfukuzia mbuzi kwenye mahindi. Nikaongeza upesi, "Nenda kwa dada. Mwezi wa tano nilikuambia ukae. Sikumaanisha. Ulikuwa ni mdomo tu."

"Nilijua," akasema.

"Ulijua?"

"Sauti yako ilikuwa ya mtu anayemkaribisha mgeni ili aende."

Mtoto alipiga sufuria.

"Sasa mbona ulikaa, Mama?"

"Ningekataa ungesema nini? Kwamba mkeo ametoka kwa mama asiyesikia." Akashusha pumzi. "Nikasema, mwezi mmoja si kitu. Wote wawili tulikosea hesabu."

Akanyoosha leso yake magotini.

"Nimekusikia, mwenye nyumba. Nitaenda. Geuka sasa, shingo itakuuma."

Nikageuka. Nikampigia wakala mwenyewe, mimi ambaye kupiga simu kwa Kiingereza hunitoa jasho, na kabla ya saa nne alikuwa amelithibitisha jina la mama mkwe.

*

Lokdauni ilifunguliwa wiki iliyofuata. Alichomwa kipimo puani, akasema ametendewa kitendo ambacho hatamsimulia mtu, na tukampeleka uwanja wa ndege. Aliketi nyuma yangu, bila shaka. Nikainua kile kioo cha kutazamia nyuma kikaelekea darini, ili nisikutane na macho yake.

"Shusha kioo," mke wangu akasema. "Utatuua kwa adabu."

"Mwache," sauti ikasema kutoka nyuma. "Barabara haina watu."

Alifika. Naiandika kwa neno moja kwa sababu tuliingoja kwa muda mrefu. Alifika, na dada yake alikuwa hai, na aliongea, ingawa walikuwa wametuambia haongei tena. Mke wangu aliwasikia kwenye simu.

"Ulikuwa unafanya nini huko siku zote hizo?" dada akamuuliza.

"Nilikuwa naangalia mpira."

"Na nani?"

"Na mkwe."

Ikaja sauti nyembamba, yenye hofu ya kweli: "Chumba kimoja?"

"Alikuwa amenipa kisogo."

"Afadhali," dada akasema, na akacheka hadi wakamwinua akohoe.

Walipata siku kumi na moja. Nikizihesabu nasema ni nyingi. Siku nyingine nikiwa ghalani nimeshika kopo, nazihesabu tena, natoa ile miezi, na nasema ni chache mno.

Jumamosi jioni simu yangu ililia. Nilidhani amekosea, nikaanza kumwita mke wangu.

"Usimwite," mama mkwe akasema. "Nimekupigia wewe kwanza. Dada amepumzika. Jana jioni. Nilikuwa nimemshika ule mguu uliovimba."

"Pole, Mama."

"Asante. Nilikuwepo." Nikasikia nyuma yake watu, viti vinaburutwa, mtu anaulizia turubai. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeketi kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Na ile mipira, imekwisha?"

"Bado, Mama. Zimebaki mechi chache. Ila sisi tulishatoka."

"Najua tulitoka. Ikiisha uniambie nani amechukua."

Iliisha siku chache baadaye. Nilitazama mwisho wake kwenye simu, nimesimama kando ya maboksi, Mkongo wangu amenichungulia begani. Jioni wakati wa mapumziko nikampigia Bungoma, moja kwa moja, bila mtoto. Nikamtajia waliochukua ubingwa, mji wanaotoka, na jinsi walivyoshinda.

Akaniomba niutaje ule mji tena.

"Hao siwajui," akasema.